Wiki Moja kwa Dola Moja

Ukiingia eBay ukatafuta wiki za likizo mjini Orlando, Florida, utakuta jambo ambalo ni nadra kuonekana kwingine katika biashara ya majengo. Watu wanauza haki ya kukaa siku saba kila mwaka, maisha yao yote na ya watoto wao, kwenye nyumba yenye vyumba viwili vya kulala, jiko kamili, mashine ya kufulia na bwawa la kuogelea hatua chache kutoka mlangoni. Bei yake ni dola 1. Wengine wanaahidi kubeba wenyewe gharama za kuhamisha hati. Wapo hata wanaosema watamlipia mnunuzi ada ya mwaka wa kwanza, ilimradi tu aipokee. Na asubuhi hiyohiyo, kwenye ukumbi wa mauzo wa jengo hilohilo, mume na mke wanatia saini kununua wiki ya namna hiyo kwa dola 22,000.

Uchambuzi wa taimushea, yaani umiliki wa zamu wa nyumba za likizo, hauna budi kuanzia kwenye pengo hilo. Muuzaji atasifu mandhari, vitanda na ukaribu wa ufuo, na mara nyingi atakuwa anasema kweli. Lakini pesa anazokuomba ukumbini hazihusiani sana na vitanda hivyo. Sehemu kubwa inakwenda kulipia kazi ya kukushawishi. Chumba chenyewe utakilipia baadaye, mwaka hadi mwaka, kwa ada ambayo hukuipanga na huna uwezo wa kuizuia. Ndiyo maana anayetaka kujua kama biashara hii itamfaa atafika haraka akiiacha kando bei ya kuingia, akauliza ada ni kiasi gani na mlango wa kutokea uko wapi.

Waswahili wa ughaibuni wanaijua biashara hii kwa sura hata kama hawaijui kwa jina. Mtu anaishi Dallas, Minneapolis au Columbus, ana kazi nzuri na watoto watatu. Anapigiwa simu kwamba ameshinda siku tatu za hoteli mjini Las Vegas kwa bei ya kutupa. Au yuko Orlando kuwapeleka watoto Disney, na pale mapokezini anaulizwa kama angependa tiketi za punguzo. Masharti ni kusikiliza maelezo ya dakika 90 tu, yeye na mwenzi wake, wote wawili wawepo. Sharti hilo la wote wawili halikuwekwa kwa adabu. Limewekwa ili asiwepo wa kusema “ngoja nikazungumze na mke wangu.”

Wazo lenyewe lilizaliwa Ulaya, na halikuwa wazo baya. Mwaka 1963 huko Uswisi, Alexander Nette na Guido Renggli walianzisha Hapimag, kampuni ambayo wanahisa wake walipata haki ya kukaa katika nyumba za likizo zilizonunuliwa kwa fedha za pamoja. Miaka hiyohiyo, kituo cha Superdévoluy kwenye milima ya Alps ya Ufaransa kikaanza kuuza wiki za theluji kwa watu waliochoka kugombea vyumba kila msimu. Nyumba ya likizo hukaa tupu sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo kugawana gharama zake ni hesabu ya akili. Marekani iliongeza chombo cha pili. Mwaka 1974 mjini Indianapolis, Jon na Christel DeHaan walianzisha RCI, mtandao wa kubadilishana, ili mwenye wiki Florida aweze kuitoa na kupata wiki Hispania. Marriott ikaingia mwaka 1984, Disney ikafungua klabu yake mwaka 1991, na biashara iliyokuwa ya wajanja wa pwani ikapata majina ambayo watu waliyaamini.

Leo inauzwa kwa maumbo matatu. Kuna hati miliki ya wiki maalumu, ambayo ni mali kama kiwanja, ya kudumu na ya kurithiwa. Kuna haki ya matumizi kwa miaka inayohesabika. Na kuna pointi, ambazo ndizo zinazouzwa zaidi siku hizi: unanunua pointi kadhaa kwa mwaka, kisha unazitumia kama sarafu kwenye majengo ya kampuni. Pointi zinasifiwa kwa wepesi wake, na ni kweli ni nyepesi. Ila kampuni ndiyo inayopanga chumba kipi kitagharimu pointi ngapi, na mara nyingi mkataba unairuhusu kupanga upya.

Wafanyabiashara wa pwani yetu walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, basi tufungue daftari. Kwa takwimu za ARDA, chama cha wenye biashara hii Marekani, bei ya wastani miaka ya karibuni imekuwa juu ya dola 20,000, na ada ya matunzo ya mwaka juu ya dola 1,000. Tuchukue mfano wa dola 22,000 za kununulia na ada ya dola 1,200. Tuseme ada inapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, kiwango ambacho wamiliki wengi hawatakishangaa. Katika miaka 20 ada peke yake itafika karibu dola 39,700. Ukijumlisha na bei ya kununua, kila wiki uliyokaa imekugharimu takriban dola 3,080, sawa na dola 440 kwa usiku mmoja. Hapo umelipa taslimu, hukukosa hata mwaka mmoja, na hatujahesabu nauli wala chakula.

Wengi hawalipi taslimu. Wanakopa palepale ukumbini, kwa kampuni ileile inayowauzia, kwa riba ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 12 na 18. Weka kianzio cha asilimia 10, ukope dola 19,800 kwa asilimia 15, ulipe kwa miaka 10: kila mwezi utatoa kama dola 319, na mkopo utakapokwisha utakuwa umelipa zaidi ya dola 38,000. Wiki yako sasa imefika dola 4,000, na usiku mmoja dola 573. Kwa bei hiyo Orlando inakupa hoteli ambazo mtu husimulia miaka mingi baadaye, na mwaka usiotaka kwenda hulipi kitu.

Muuzaji ana jibu kwa hesabu hii, na si jibu la kipuuzi. Atasema hoteli nazo zinapanda bei, kwa hiyo unachonunua leo ni kinga dhidi ya bei za kesho. Hoja hiyo ingesimama kama ada ingebaki palepale. Haibaki. Katika mfano wetu, ada ya mwaka wa kumi ni zaidi ya dola 1,860, na ya mwaka wa ishirini inapita dola 3,000. Umekinga nini, ikiwa sehemu ya gharama inayopanda ndiyo hiyohiyo iliyobaki mikononi mwa mwenzako? Na dola 22,000 zilizoingia pale zimeacha kuzaa. Zikiwekwa mahali salama kwa asilimia 4 tu zinaleta dola 880 kwa mwaka, na mtaji unabaki wako.

Sasa rudi kwenye ile wiki ya dola 1. Piga hesabu hiyohiyo, ada ileile, ongezeko lilelile, na utoe dola 500 za kuhamisha hati. Wiki inakuwa kama dola 2,000, usiku dola 287. Bado si bure, lakini kwa nyumba ya vyumba viwili inaanza kuingia akilini. Tofauti yote imetoka kwenye kitu kimoja, nacho ni kukwepa ukumbi wa mauzo. Taarifa za fedha za kampuni kubwa zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la New York zinaonyesha kwamba mauzo na matangazo humeza karibu nusu ya wanachouza, pengine zaidi. Kahawa, tiketi za bure, siku tatu za Las Vegas, kamisheni ya muuzaji, ya msimamizi wake na ya aliyekukamata mapokezini, vyote vinalipwa na yule anayetia saini. Ndiyo maana siku ya pili mali ile haiwezi kuuzika kwa bei ileile: nusu ya thamani yake iliyeyuka mezani, na mnunuzi wa mkononi haoni sababu ya kukurudishia.

Ipo njia rahisi zaidi, ambayo ukumbini haitajwi. Kila mwaka wapo wamiliki wasioweza kusafiri. Mmoja kaumwa, mwingine kanyimwa likizo, mwingine kaachana na mwenzake. Ada wameshalipa. Wengi wao huipangisha wiki hiyo kwa kiasi kinachokaribia ada yenyewe, alimradi warudishe walichotoa. Mpangaji analala kwenye kitanda kilekile, anaogelea bwawa lilelile, na Jumamosi anarudisha ufunguo pasipo deni lolote. Nimeitafuta hoja ya kumshawishi mtu anunue ilhali anaweza kupanga kwa bei hiyo, nami naiona moja tu: uhakika wa kupata wiki fulani, mahali fulani, msimu ambao kila mtu anataka. Kwa baadhi ya watu uhakika huo una thamani. Kwa wengi hauna.

Haki yake hata hivyo apewe anayestahili. Tafiti za ARDA huonyesha kwamba wamiliki wengi wanaridhika, na siamini kwamba wote wanajidanganya. Familia zetu ni mfano mzuri. Baba, mama, watoto wanne na bibi aliyekuja kutembea kutoka Tanga hawaenei kwenye chumba cha hoteli. Watahitaji vyumba viwili, pengine vitatu, na bibi hatakula mkate wa hoteli siku saba mfululizo. Nyumba yenye sebule na jiko, ambapo pilau inaweza kupikwa na nguo za watoto kufuliwa usiku, ni starehe ya kweli. Aidha, yupo mtu ambaye asingepumzika kamwe kama asingekuwa amekwisha kulipia. Kwake ada ni kamba inayomtoa kazini mara moja kwa mwaka. Ninachobisha ni kwamba kuipenda nyumba na kuipata kwa bei ya haki ni mambo mawili, na tafiti za kuridhika hupima zaidi lile la kwanza.

Uamuzi wa kununua huchukua saa chache, na saa hizo zimepangwa kwa ustadi. Kwanza ni urafiki: unatoka wapi, watoto wako wangapi, mara ya mwisho mlipumzika lini. Majibu yako yanawekwa akiba. Kisha unaonyeshwa nyumba bora kuliko zote. Baadaye mnaketi, na karatasi inajazwa hesabu ya pesa ulizowahi “kupoteza” kwenye hoteli. Ukikataa, anakuja mwingine mwenye cheo kikubwa zaidi na bei ndogo zaidi, ambayo ni ya leo tu. Dakika 90 zinakuwa saa nne. Watoto wana njaa, na saini ndiyo inayofungua mlango. Ahadi nyingi muhimu zinatolewa kwa mdomo, kama vile kwamba utauza wakati wowote, kwamba ada haipandi sana, kwamba kampuni itakupangishia. Halafu mkataba una kifungu kinachosema kuwa hakuna ahadi ya mdomo inayohesabika, na chini yake kuna nafasi ya wewe kuandika herufi za jina lako.

Upande wa Ulaya ulikuwa mchafu zaidi. Miaka ya 1980 na 1990, Tenerife na visiwa vingine vya Canary vilijaa vijana waliowagawia watalii wa Kiingereza kadi za kukwangua, na kila kadi ilishinda. Mfalme wa mchezo huo alikuwa John Palmer, aliyeitwa Goldfinger baada ya kushtakiwa kuhusu dhahabu ya wizi wa Brink’s-Mat na kuachiwa mwaka 1987. Mwaka 2001 mahakama ya Old Bailey, London, ilimhukumu miaka 8 kwa ulaghai wa taimushea uliowagusa maelfu ya watu. Mwaka 2015 akapigwa risasi nyumbani kwake Essex. Kampuni zenye majina makubwa za leo si za kina Palmer, na itakuwa dhuluma kuzitia kapu moja. Ila mbinu ya kumchosha mteja mpaka atie saini ilibaki, ikavaa suti.

Kupata hasara ya dola 22,000 ni jambo chungu, lakini lina mwisho. Hati ya kudumu haina mwisho. Ada inadaiwa uende usiende. Mwaka 2020 dunia ilipofungwa na watu wakakatazwa kusafiri, bili za ada ziliendelea kufika. Mmiliki akiacha kulipa, deni hupelekwa kwa wakusanyaji, hati hutwaliwa, na rekodi yake ya mikopo huchafuka, jambo ambalo kwa mhamiaji anayejipanga kununua nyumba ya kuishi ni pigo kubwa. Juu ya ada kuna michango ya dharura. Kimbunga Ian kilipoipiga pwani ya magharibi ya Florida Septemba 2022, wenye wiki walijikuta mbele ya swali la nani atajenga upya paa na lifti, na jibu lililomo kwenye mikataba ni wao wenyewe. Kwenye kisiwa cha Sanibel baadhi yao waliona nafuu kuvunja ushirika na kuuza ardhi.

Wazee hupata wasiwasi mwingine, wa mirathi. Je, mtoto atarithi bili? Kwa kawaida Marekani mrithi anaweza kuikataa sehemu hiyo ya urithi, alimradi aikatae kwa maandishi, mapema, na kabla hajaitumia. Ajabu ni kwamba hati hiyohiyo ilinunuliwa kwa kauli ya “mnawaachia watoto kitu.” Mzazi aliyetia saini kwa nia hiyo angefanya vizuri kuwaambia watoto angali hai, maana anayekwenda kupumzika wiki moja “kwa kumbukumbu ya marehemu” anaweza kuwa ameshajifunga.

Kiu ya kutoka imezaa biashara ya pili, mbaya kuliko ya kwanza. Zipo kampuni zinazoahidi kumtoa mtu kwenye mkataba kwa malipo ya awali ya maelfu ya dola, halafu hazifanyi lolote. Novemba 2022, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani pamoja na jimbo la Wisconsin zilishtaki kundi moja la kampuni za aina hiyo zikidai limewatoza watu, wengi wao wazee, zaidi ya dola milioni 90. Mexico mambo yamekwenda mbali zaidi. Genge la dawa za kulevya la Jalisco limeendesha vituo vya simu vinavyowapigia Wamarekani wenye wiki Puerto Vallarta na kwingineko, vikijifanya vina mnunuzi tayari. Mnunuzi ana pesa, kinachotakiwa ni mwenye mali kutanguliza kodi kidogo, halafu ada kidogo, halafu kodi nyingine. Kwa hesabu ya FBI, kati ya 2019 na 2023 watu wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kwa ulaghai wa taimushea unaotoka Mexico. Kanuni inayotokana na hayo ni fupi: anayekupigia simu kukuuzia wiki yako na kuomba pesa kwanza ni mwizi. Mwenye mali aliyekwisha kulipa mkopo wake aanze kwa kuiuliza kampuni iliyomuuzia, kwa kuwa kampuni kubwa kadhaa sasa zina mpango wa kupokea wiki zinazorudishwa. Hazilipi kitu, lakini ada inakoma.

Ukiangalia mahali ambapo biashara hii imewafaa watu, utaona kitu kimoja kinajirudia. Haki ilikuwa na tarehe ya kwisha, na mahali penyewe pana uhitaji usioisha. Mikataba ya Disney ina ukomo. Ile ya jengo la kwanza kabisa, Old Key West, iliandikwa iishe mwaka 2042. Disney pia hujiwekea haki ya kuinunua kwanza mali inapouzwa, na huitumia. Kwa sababu hiyo pointi zake zinauzika mkononi kwa pesa za maana, tofauti na wiki za dola 1 za ng’ambo ya barabara.

Mfano wa pili uko Makka. Mnara wa Zamzam, mmoja wa minara ya Abraj Al-Bait inayoutazama Msikiti Mtukufu, umejengwa kwenye ardhi ya wakfu wa Mfalme Abdulaziz, na ardhi ya wakfu haiuzwi. Miaka ya mwanzo ya 2000, kampuni ya Munshaat ya Kuwait ilitafuta fedha za mradi kwa sukuk al-intifaa, hati za manfaa. Mnunuzi alipata haki ya kutumia chumba kwa wiki yake kila mwaka kwa miaka 24, basi. Hakuambiwa kwamba anamiliki jengo. Hakuna aliyehitaji kuzungushwa saa nne kuhusu thamani ya kulala hatua chache kutoka Haram katika kumi la mwisho la Ramadhani, wala kuelezwa kwa nini wiki hiyo hailingani na wiki ya katikati ya Mfunguo Tano. Hata hapo hatari ilikuwepo. Mwaka 2020 hija ilifanywa na watu kama 1,000 waliokuwa tayari ndani ya ufalme, na mwenye hati aliyekuwa Mombasa au Muscat alibaki nyumbani. Lakini ni mkataba ambao mtu anaweza kuuona mwanzo wake na mwisho wake kabla ya kuuingia, na Muislamu anayekimbia riba ana cha kufikiria humo ambacho hakipo kwenye mkopo wa asilimia 15 wa Orlando.

Kwa Mswahili wa Marekani au Uingereza kuna mambo mawili ambayo vitabu vya ushauri wa fedha vya huko havina. La kwanza ni pasipoti. Mtandao wa kubadilishana wiki unamwambia mmiliki kwamba dunia yote ni yake. Mwenye pasipoti ya Marekani anaweza kuuamini. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kongo au Burundi atapata kwanza wiki yake Hispania kwenye kompyuta, kisha aanze kutafuta miadi ya viza, na wiki ina tarehe ambayo ubalozi hauijui.

La pili ni Desemba. Likizo yetu kubwa ina mwelekeo mmoja: nyumbani. Kuna harusi, kuna kaburi la kuzuru, kuna mama anayewauliza wajukuu watakuja lini. Nauli ya mtu mmoja kutoka Marekani hadi Nairobi au Dar es Salaam msimu huo hupita dola 1,500 kwa urahisi. Kwa watu watano ni zaidi ya 7,500 kabla ya zawadi. Familia yenye kipato cha kawaida inayokwenda nyumbani kila baada ya mwaka mmoja au miwili haina siku nyingine za likizo zilizobaki, sembuse pesa. Wiki ya Orlando inakuwa mpinzani wa safari hiyo, na mwaka ambao zote mbili haziwezekani, ada ya Orlando ndiyo italipwa, kwa sababu ndiyo yenye mkusanya madeni.

Wapo wanaosema basi ndugu wachange, wajenge nyumba Kigamboni, Bagamoyo au Diani, wapeane zamu. Ni taimushea ya ukoo, na ina faida kwamba ardhi inabaki na thamani na hakuna kamisheni. Isipokuwa nyumba ya ukoo nayo ina ada yake: mlinzi, paa linaloliwa na chumvi, binamu aliyehamia “kwa muda.” Bila makubaliano ya maandishi kuhusu nani analipa nini na nani anatumia lini, hasara yake itahesabiwa kwa watu wasiosalimiana. Yenye makubaliano hayo, mimi ningeichagua kuliko wiki yoyote ya Florida.

Kama mtu amekwisha kupima haya yote na bado anaitaka, njia yake ni nyembamba. Ajue jengo kwa kupanga kwanza, hata mara mbili. Anunue mkononi, taslimu, kwa mmiliki anayethibitishwa na rejista ya ardhi ya kaunti, akijua kwamba baadhi ya kampuni huwapunguzia marupurupu wanaonunua hivyo. Aombe ada za miaka kumi iliyopita na taarifa ya akiba ya matengenezo. Achague mahali anapoweza kufika kwa gari, ili nauli isije ikamzuia.

Na kwa yule aliyetia saini juzi, amelala akaamka na moyo unamwenda mbio, sheria imemwachia mlango. Florida inampa siku 10 za kalenda, kwa kuhesabu kutoka siku ya saini au siku aliyopokea waraka wa mwisho unaotakiwa, ile itakayokuja baadaye. California na Hawaii ni siku 7, Nevada ni 5. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatoa siku 14 chini ya agizo la mwaka 2008, na katika siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata kianzio. Hispania ilikwenda mbele zaidi: sheria yake ya mwaka 1998 iliweka ukomo wa miaka 50, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaanza kuibatilisha mikataba ya milele iliyoandikwa baada yake. Kenya nayo, katika Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, ina vifungu mahususi kuhusu mikataba hii vinavyomruhusu mnunuzi kujitoa bila kutoa sababu ndani ya siku chache tangu apokee nakala.

Barua yenyewe haihitaji wakili. Inataja jina, namba ya mkataba, tarehe, na sentensi moja kwamba naufuta mkataba huu. Itumwe kwa njia na anwani iliyotajwa ndani ya mkataba, kwa posta ya rejista, na risiti itunzwe. Asimpigie muuzaji kwanza kumweleza. Atapokea simu kwa upole sana, atapendekeza wakutane wiki ijayo walizungumze vizuri, na kamisheni yake inategemea siku hizo zipite.